Mpiga Matoazi Anapungua

Jumatatu, 3 Juni

Mizani ya Daktari ni mbovu. Nimemwambia hivyo. Akapanda yeye mwenyewe, ikasema kweli. Nikamwambia inamwogopa.

Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka.

Vita kati yangu na tumbo langu vina miaka minane sasa. Nimepungua mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tatizo ni kwamba kilo zangu zina adabu mno: zikiondoka zinaaga, zikirudi zinakuja na wageni. Nimejaribu sahani ndogo (nikawa naijaza tena na tena). Nimejaribu kunywa maji kabla ya kula (chakula kikateremka vizuri zaidi). Nimejaribu kukimbia asubuhi. Nilikimbia vizuri sana, mpaka mlango wa duka la mikate.

Daktari akasema safari hii hatanii. Shinikizo la damu limepanda, na dawa peke yake haitoshi. Akasema nitafute kitu cha kunitoa jasho ambacho nakipenda, kwa sababu mtu hadumu na kitu anachokichukia. Akauliza napenda nini. Nikasema muziki wa okestra. Akaandika kitu. Sijui alichoandika, ila aliguna.

Ni kweli lakini. Mimi nauza magodoro, na redio ya dukani inapiga okestra kutwa nzima. Fidla, selo, piano, mambo mazito. Mteja anakuja kujaribu godoro, anajinyoosha, fidla zinamchukua, analala fofofo. Akiamka anasema asante, anaenda zake. Shemeji yangu Njiti, mdogo wake mke wangu, husema nimefungua nyumba ya wageni ya bure. Njiti ni mwembamba tangu kuzaliwa na hajawahi kufanya juhudi yoyote. Watu wa aina hiyo huwa na maneno mengi.

Sasa sikia. Wakati nasubiri dawa, nikaokota jarida la zamani pale kwenye benchi. Limeandika kwamba anayeongoza okestra hutoka jasho kuliko mkata kuni! Anasimama pale pale, anapunga mikono kama anafukuza nzi, na mwili unayeyuka! Hakuna kukimbia. Hakuna kuinama. Na watu wanakupigia makofi.

Mtaani kwetu kuna okestra. Njiti anapiga fidla ya kwanza humo.

Nimepata dawa. Na za Daktari nimechukua pia, kwa heshima.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeenda mazoezini. Mambo hayakwenda kama nilivyopanga, lakini mwanzo ni mwanzo.

Ukumbi uko ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi na misumari. Lifti hakuna. Ngazi zipo, na zote nimezifahamu. Nilipofika juu nilikuwa siwezi kusema jina langu, ikabidi Njiti anitambulishe. Alinitambulisha kwa ufupi: huyu ni mume wa dada, mtafutieni kiti kigumu.

Anayewaongoza ni bibi mdogo wa umbo, mstaafu wa kufundisha hesabu. Wote wanamwita Mwalimu. Ukimpima na fimbo yake ya kuongozea huoni tofauti. Nikamsogelea kwa unyenyekevu, nikamuuliza anafikiria kupumzika lini, maana mimi niko tayari kumpokea mzigo. Akanitazama kama jibu la hesabu lililokosewa. Akasema kazini ameshastaafu, na kustaafu kwingine kulikobaki ni kwa kuingia kaburini, niwe na subira.

Kisha akauliza napiga ala gani. Nikasema redio.

Amenipa matoazi. Ni sahani mbili za shaba, pana kama sinia. Katika muziki wote ule mrefu nayagonganisha mara tatu. Muda wote uliobaki nimekaa! Yaani nimetoka dukani, ambako nalala, nimekuja hapa, ambako nakaa.

Halafu Mwalimu ana sheria: anayepiga kidogo hubeba vingi. Ukumbi ule asubuhi ni darasa la wapiga chapa, kwa hiyo kila mazoezi vyombo vizito vinapandishwa kutoka stoo ya chini, na baadaye vinarudishwa. Mbebaji ni mimi. Ngoma kubwa za shaba, mimi. Besi, ile fidla mama yenye kimo cha mtu mzima, mimi. Mimi na besi tuna umbo moja. Tulivyokuwa tunapanda ngazi tumekumbatiana, mtu wa mbali angedhani tunacheza dansi. Njiti huinua upande wa chini kwa vidole viwili na kutoa maelekezo.

Huu ni usumbufu mtupu, unanichelewesha na mpango wangu wa kupungua.

Faraja moja: anayepiga selo ni mama mwenye duka la kuoka. Tunamwita Mwokaji. Wakati wa mapumziko hufungua boksi la keki ya siagi. Nilikataa. Akasema vipande ni vidogo. Nikachukua kimoja kwa adabu, cha pili kwa ajili ya adabu ya cha kwanza. Cha tatu kilikuwa kimebaki peke yake. Nilikihurumia.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya futi. Mke wangu ni mshonaji, na kila Jumapili ananizungushia futi yake kiunoni. Hasemi neno. Anatazama namba, anakunja futi, anaenda jikoni. Afadhali angetukana.

Mama mkwe alikuja kula. Mke wangu akamweleza kwamba nimeingia kwenye kundi lenye kondakta. Mama mkwe akauliza basi lenyewe linaelekea wapi. Njiti alicheka mpaka akapaliwa. Nilimpiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kuna onyesho mwezi wa nane. Mwalimu anataka kila mtu avae suti nyeusi, na mke wangu ndiye atakayezishona. Hapo nikapata wazo zuri kuliko yote ya mwaka huu. Nikamwambia mke wangu, usinipime mimi wa leo. Nishonee suruali ya yule nitakayekuwa mwezi wa nane. Suruali ya imani!

Akauliza, "Huyo mtu namjua?"

Nikasema, "Atakuja."

"Haya. Nitamshonea. Akichelewa, usinililie."

Sitamlilia. Yule mwembamba anakuja.

Ijumaa, 28 Juni

Ushindi! Mkanda umeingia tundu moja ndani!

Siri ni hii: kila mchana nafunga mlango wa duka, nasimama mbele ya kabati la kioo, nafungulia redio, naongoza okestra kwa mwiko. Simwachi mtu nyuma. Fidla nazipa ishara kushoto, tarumbeta nazifokea kulia. Jasho tele.

Jana niliinua macho katikati ya mahali patamu, nikakuta watu wamejaa dirishani. Bibi mmoja alikuwa ananiombea. Mwenye duka la rangi alikuwa ametuma mtu amwite Daktari. Daktari alikuja kweli, mkoba mkononi. Nikamweleza kwamba natibiwa na muziki, kama alivyoagiza yeye mwenyewe. Akanipima mapigo ya moyo, akasema yako sawa, akanisihi nishushe pazia.

Mke wangu anasema tundu lile limetokana na kupanda ngazi na besi. Wanawake hawajui sayansi. Ngazi nazipanda kwa miguu, tumbo liko juu huku. Ni mwiko uliofanya kazi.

Nimejipongeza kwa Mwokaji. Robo keki. Mtu aliyepungua ana nafasi.

Alhamisi, 11 Julai

Bega la Mwalimu linamuuma. Mazoezi yaliyopita alitangaza kwamba ule muziki wa katikati ya onyesho, wa maombolezo, wa polepole, atauongoza mtu mwingine. Amesema atachagua mtu anayehudhuria bila kukosa. Wote walimgeukia Njiti. Mimi pia niligeuka, nikione kizuizi changu vizuri.

Hapo akili ikafanya kazi. Jana nikampigia Njiti simu, nikamwambia mazoezi ya leo yamehamia ukumbi wa wafanyakazi wa benki, upande wa pili wa mji. Asichelewe. Akanishukuru.

Leo hakuonekana. Nikamwambia Mwalimu kwa huzuni kwamba vijana wa siku hizi hawana msimamo. Ila besi nimeibeba peke yangu mpaka juu, na kwenye kona ya pili ilinilalia. Tulikaa pale muda mrefu. Mpiga filimbi akaturuka.

Mazoezi yalipokuwa yanakwisha, mlango ukafunguliwa. Njiti huyo! Anang'aa! Kule benki kulikuwa na sherehe ya kumuaga meneja, na walipomwona na fidla wakadhani ndiye mwanamuziki waliyemwagiza. Akapiga. Wakalia. Wakamlisha. Amerudi na kuku mzima wa kukaanga, na mwaliko wa kwenda tena. Akamweleza Mwalimu kwamba ni mimi niliyemtafutia nafasi ile. Akanikumbatia mbele ya watu. Mwalimu akasema hakujua kama nina moyo mweupe hivyo.

Nilikula paja moja. Halikupita vizuri. Nikala la pili kulisukuma.

Alhamisi, 25 Julai

Leo Mwalimu ametujaribu, mimi na Njiti, kila mmoja auongoze ule muziki wa maombolezo. Ndiyo, na mimi! Ule moyo mweupe umenisaidia.

Njiti alianza. Polepole, macho amefumba, mkono unaelea kama moshi. Mwokaji alitokwa na machozi juu ya selo yake. Nikasema moyoni, hapo ametumia nguvu kiasi gani? Hakuna! Hajatoa hata tone la jasho. Huo si uongozaji, huo ni usingizi wa kusimama.

Zamu yangu. Mimi nilikuwa nimejizoeza mwendo mmoja tu, ule wa kupunguza kilo. Kadiri mkono unavyokwenda mbio ndivyo mwili unavyoyeyuka. Nikainua mwiko (nilikuja nao, fimbo ya Mwalimu ni nyepesi mno) nikaanza. Wakanifuata, maskini, wakidhani najua tunakokwenda. Tarumbeta zikaanza kukohoa. Mpiga filimbi akaishiwa pumzi akainua mkono kama mwanafunzi. Waya wa selo ya Mwokaji ukakatika, pwaa! Nikamaliza. Nilikuwa nimelowa chapachapa. Nilijisikia mwembamba.

Mwalimu alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Nikadhani amejawa na uchungu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kwa mwendo ule marehemu angefika makaburini kabla ya wafiwa, akawasubiri.

Amempa Njiti.

Nilishuka ngazi kurudisha besi. Huko stoo nikakuta boksi la Mwokaji. Nilikuwa na uchungu wa aina yake. Sikumbuki vizuri kilichotokea, ila boksi lilikuwa na keki na baadaye halikuwa nayo. Kumbe ilikuwa ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Mwalimu! Walipoitafuta nikasema nimeona panya. Mwokaji akatazama ndani ya boksi kwa makini. Akasema panya aliyekata vipande sawasawa kwa kisu, kisha akakunja karatasi na kuirudisha, amesoma huyo.

Kila mtu alinitazama. Mimi nilimtazama Njiti, lakini hawakufuata.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimerudi nyumbani nimevaa pazia la ukumbi. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Suruali ya imani ililetwa asubuhi. Nyeusi, safi, imenyooka, inamfaa mtu fulani. Nimepungua, sikatai, lakini yule bwana hakuwa amefika. Alikuwa njiani. Nililala chali juu ya godoro, nikavuta pumzi yote ya chumba, Njiti akavuta kifungo, na kikafunga! Nikamwita mke wangu aone. Akaja, akatazama, akauliza kama naweza kukaa.

Sikuweza kukaa.

Kwa hiyo onyesho zima nilisimama nyuma kabisa, wima, kama mlinzi wa lango. Mwalimu alinifanyia ishara nikae. Nikamjibu kwa ishara kwamba nasimama kwa heshima ya muziki. Kupumua nilipumua juu juu.

Muziki wa kwanza ulipita. Makofi. Kisha Njiti akapanda kuongoza maombolezo. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: kijana aliongoza vizuri. Ukumbi ulitulia kama maji kwenye beseni. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, leso machoni. Daktari, nyuma yake, kichwa kimeinama. Fidla zikashuka, zikashuka, zikabaki kama uzi.

Ndipo nikausikia uzi mwingine. Wangu. Nyuma. Tik. Halafu tik tena.

Nilijua kinachokuja. Mshono ule ukiachia katika kimya kile, utasikika mpaka mtaa wa pili. Nifanye nini? Mtu anatumia alichonacho. Nilikuwa na matoazi. Nikahesabu tik ya tatu, nikainua mikono yote miwili, nikayagonganisha kwa nguvu zangu zote.

GWAAASH!

Daktari aliruka kutoka usingizini akaita, "Nesi!" Mpiga tarumbeta akakaa chini bila kiti. Njiti akaganda, mkono hewani.

Kosa langu lilikuwa kwenye hesabu. Matoazi yanataka kuinua mikono, na kuinua mikono kunainua mwili, na mwili ukiinuka suruali inabaki. Mlio wa matoazi ulipokwisha ndipo mshono ukaachia. Ulichana taratibu, kutoka juu hadi chini, na kila mtu akausikia mpaka mwisho.

Kimya.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi. Sijui nani, Mungu ambariki. Wakasimama wote! Walidhani ndivyo muziki ulivyotungwa! Njiti akainama, hajui anainamia nini. Mimi nilitoka kinyumenyume, toazi moja mbele, moja nyuma, na mbele hakukuwa na haja.

Jumapili, 11 Agosti

Leo hakukuwa na futi. Mke wangu aliketi na ile suruali mapajani, anaitazama.

Nikaanza kumweleza kwamba kwa kweli mshono ndio uliokuwa dhaifu. Akaniinulia mkono. Akasema mshono ni mzuri, ameupitisha mara mbili.

Kisha akasema, "Baba alikuwa mnene kama wewe. Na alikuwa anachekesha kama wewe. Nguo yake ya mwisho nilimshonea mimi, usiku wa mkesha wake, kwa kipimo nilichokijua kwa kichwa. Unadhani kila Jumapili nakupima ili nikuaibishe?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu, ambavyo zamani sikuviona, nikagundua naviona.

Akasema hataki niwe mwembamba. Anataka niwepo. Nikamwahidi kwamba kuanzia wiki hii tutatembea pamoja kila asubuhi, mimi na yeye, bila mwiko, bila mpango. Nilimwahidi kwa dhati. Naandika hapa kuthibitisha: machozi yalinitoka, na sikuwa na njaa.

Jioni Njiti alikuja. Nilijiandaa kwa maneno yake. Kumbe hakuja kucheka. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka mingi anakula anavyoweza ili anenepe, na hanenepi. Amekwenda mpaka kwa Daktari. Akasema jana jukwaani amesimama mbele, anaongoza, na bado watu walimtazama mpiga matoazi. "Shemeji, wewe ukiingia mahali, umeingia. Mimi nikiingia wanafunga mlango, wanadhani ni upepo."

Maskini Njiti. Nilimpa chakula changu. Nusu.

Maneno yake lakini yameniingia.

Jumatano, 14 Agosti

Jana nilikuwa kwa Daktari. Nimepanda mizani. Akanishusha, akaipiga kofi, akanipandisha tena. Kilo saba hazipo! Shinikizo limeshuka! Akauliza nimebadilisha nini. Mke wangu, aliyekuja nami, akasema ngazi. Ghorofa tatu, mara mbili kwa wiki, amekumbatia besi. Daktari akapiga meza, akasema ndiyo hiyo, hiyo hiyo, asiiache hata kwa dawa! Wakafurahi wote wawili, wakapeana mikono kana kwamba mimi ni godoro walilouziana.

Mimi sikubishana. Nilikuwa nawaza mambo makubwa.

Kwa sababu wakati tunasubiri zamu, nilikuwa nimeokota jarida jingine pale kwenye benchi. Lina picha za waimbaji wa opera. Wanaume, tena wanaume wa maana, mavazi ya mfalme, mikono wazi, watu wanawarushia maua. Na matumbo! Matumbo ya haki, matumbo yasiyoomba radhi! Limeeleza kwamba pumzi ya mwimbaji hukaa chini kule, na kifua peke yake hakitoshi. Nikakumbuka ya Njiti. Ukiingia, umeingia.

Kwa hiyo miaka minane nimekuwa napigana na kipaji changu mwenyewe! Huu si ugonjwa, hii ni ala! Na nimekaribia kuiharibu!

Nimefanya kinachohitajika, haraka, kabla hasara haijazidi. Nimemtumia Mwalimu salamu kwamba najiuzulu matoazi na narudi kama sauti, na kwamba mwimbaji, kama anavyojua, habebi besi. Hajajibu. Nadhani anatafuta maneno. Kwa Mwokaji nimeagiza keki ya siagi ya ukubwa wa mazoezi. Dukani nimepiga noti yangu ya kwanza ya juu, na wateja wawili wameamka. Mmoja amenunua.

Mke wangu amevaa viatu vya kutembea, yuko mlangoni ananisubiri, kanga ameifunga vizuri kichwani, anatabasamu. Ahadi ni ahadi. Nimemwambia atangulie tu, nitamfikia. Koo halitaki upepo wa asubuhi.